Somo: Kuchagua risasi ya kuwindia kulungu karibu na makazi (Ohio)

Wageni wengi wakishapata leseni huuliza wanunue bunduki gani. Mimi ningeanza na risasi. Mashamba mengi tunayokaribishwa kuwinda huku yamepakana na nyumba za watu, na risasi ya raifo ya .30-06 ikikosa mnyama inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 4.

1. Anza na sheria. Ohio hairuhusu .30-06 kwa kulungu. Inaruhusu shotgani ya geji 10 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) au yenye mtutu mwembamba zaidi, kama geji 12 au 20, yenye slagi moja, yaani kipande kimoja kizito badala ya chembe nyingi, kwa kila mtutu. Tangu 2014 imeruhusu pia raifo za risasi zenye ganda lililonyooka, yaani lisilobanwa shingoni, kipenyo inchi .357 hadi .50. Risasi hizo ni nzito na za polepole, kwa hiyo huanguka mapema. Jimbo jingine, kanuni nyingine: soma kitabu cha mwaka huu, usitegemee cha jirani.

2. Linganisha risasi na mtutu. Mtutu laini unataka slagi aina ya Foster. Wenye mifereji ndani unataka slagi ya saboti, ile iliyovikwa plastiki. Ukiipiga kwenye mtutu laini haizunguki, inayumba hovyo. Na tafadhali, geji 12 na geji 20 zisikae mfuko mmoja. Ya 20 ina ganda la njano kwa sababu maalumu: ikiingia kwenye bunduki ya 12 huteleza na kukwama mbele. Ukisahau ukaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka mikononi mwako.

3. Jaribu bunduki kwa risasi zilezile utakazowindia. Ukibadilisha chapa, nenda tena uwanja wa shabaha.

4. Tazama kilicho nyuma ya kulungu. Hapa ndipo watu hujidanganya na slagi. Uchunguzi uliofanywa Pennsylvania mwaka 2007 ulionyesha kuwa slagi iliyopigwa sambamba na ardhi inaweza kudunda na kufika mbali kuliko risasi ya raifo, kwa kuwa haivunjiki kirahisi. Dawa yake ni kukaa juu kwenye dungu ili risasi iishie udongoni. Kulungu akisimama kileleni mwa kilima na nyuma yake ni anga tupu, mwache apite.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, .350 Legend au .450 Bushmaster?*
Zote ni risasi za raifo zenye ganda lililonyooka. Kama mkeo au kijana wako naye atapiga, chukua .350, haipigi bega sana, na kwa mita 100 inatosha kabisa. Zote mbili hutoboa kulungu na kutokea upande wa pili, kwa hiyo hatua ya 4 iko palepale.

*Kwetu tulizoea marisau. Si salama zaidi?*
Ohio ni marufuku kwa kulungu. Tena chembe hutawanyika: moja inamjeruhi mnyama, nyingine hujui imeenda wapi.

*Nasikia risasi za shaba ni bora kwa nyama, kweli kaka?*
Kweli, hazimwagi vipande vya madini ya risasi kwenye kitoweo. Ni ghali, lakini kama watoto watakula, mimi nalipa. Ila shaba hupenya sana, na pale ghalani kwa mwenye shamba kuna farasi, kwa hiyo tazama kwanza kilicho nyuma ya kulungu.