Kabla ya Kumwaga Raba ya Silikoni: Mambo ya Kuzingatia Ili Isibaki Bichi

Raba ya silikoni ya kutengenezea kalibu, yaani umbo la kumiminia nakala za sanamu, ni ghali popote, na kwa sisi wa Arusha na Moshi inaongezewa nauli ya basi kutoka Dar es Salaam au gharama ya kuvushwa Namanga kutoka Nairobi. Anayefungua kalibu kesho yake na kukuta bado inanata hajapoteza kilo ya raba peke yake, kwa kuwa mara nyingi sanamu iliyofunikwa nayo imeharibika, na huenda ni mali ya mteja. Kwa hiyo haya yafanyike kabla ya kumwaga. Raba bichi ikishamwagwa, kuinyunyizia hadina (kemikali ya kuigandisha) juu hakuiponyi.

Kwanza, jua raba uliyonayo ni ya jamii ipi. Ipo inayoshikishwa, yaani kugandishwa ikawa imara, na madini ya bati, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa ndoo moja na kichupa kidogo cha hadina, na ipo inayoshikishwa na platinamu, ambayo mara nyingi huja katika vyombo viwili vinavyochanganywa nusu kwa nusu. Hadina ya moja haishikishi nyingine. Silikoni ya tyubu ya maduka ya vioo, ile yenye harufu ya siki, haimo katika jamii hizo mbili: hushika kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku, kwa hiyo ukiijaza kwenye boksi unene wa kiganja, ngozi ya juu itakauka mapema na katikati patabaki pabichi kwa majuma.

Pima kwa mizani, wala usipime kwa macho au kwa vifuniko vya chupa. Raba nyingi za bati huhitaji gramu 2 hadi 5 za hadina kwa kila gramu 100, na mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima inaweza kukukosesha theluthi ya kiasi unachotakiwa kuweka. Mizani midogo wanayotumia wauza madini hapa Arusha inafaa zaidi, nayo bei yake inamudika.

Koroga ndoo yenyewe kabla ya kuchota, kwa sababu vitu vizito hutuama chini. Ukishatia hadina, kwangua pembe na kitako cha chombo, kisha hamishia mchanganyiko kwenye chombo cha pili safi na ukoroge tena. Yaliyoganda ukutani mwa chombo cha kwanza yaache hukohuko.

Usinunue hadina iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo wala tarehe. Hadina ya bati huharibika ikiingiwa na unyevu, na muuzaji aliyeifungua miezi mingi iliyopita hatakuambia.

Joto nalo lisidharauliwe. Maelekezo mengi ya viwandani yameandikwa kwa chumba cha nyuzi 23 au 25, ilhali Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, hushuka hadi nyuzi 12 au 13 usiku wa Juni na Julai. Raba iliyoandikiwa kushika kwa saa 6 inaweza kulala bichi hadi asubuhi bila kosa la mtu. Mwenzako wa Moshi, aliye chini zaidi, hatasumbuka kiasi hicho. Ihamishie penye joto na uipe muda kabla ya kuitupa.

Lakini lililowaliza watu wengi kuliko hayo yote ni sanamu yenyewe. Platinamu iliyomo katika raba ni kidogo mno, na vitu kama salfa, madini ya bati au epoksi ambayo haijakomaa huizuia isifanye kazi palepale inapovigusa. Fundi mmoja wa Majengo, Moshi, kijana makini, aliletewa na mama mmoja muuza mishumaa tembo wa mpingo aliyechongwa na marehemu baba yake, atoe kalibu yake. Sikio moja lilikuwa limemeguka. Fundi akalijaza kwa udongo laini wa kuchezea watoto, akalilainisha vizuri, akajenga boksi na kumwaga raba ya platinamu jioni. Asubuhi raba ilikuwa imara kwa nje, lakini alipoibandua, penye sikio ilivutika kama mlenda. Akampigia muuzaji: "Kaka, umeniuzia feki." Akaagiza nyingine, akakoroga kwa muda mrefu zaidi, akampulizia tembo nta ya kuachanisha, akamwaga tena. Sikio likabaki vilevile.

Aliponiita nikatazame, nilimwomba aligeuze lile pande la raba kwenye mwanga. Mgongoni mwa tembo palikuwa na mabaka matano laini, yamepangika kama vidole, kwa sababu alikuwa amemshika akiwa amevaa glavu za mpira za duka la dawa. Udongo ule ulikuwa na salfa, na glavu zile vilevile zilikuwa zimeacha kemikali zake juu ya mpingo. Raba haikuwa na hatia yoyote. Tulisafisha kwa mswaki na spiriti ya kuyeyushia rangi hadi mchana, lakini ute ulikuwa umeingia katika mikunjo yote ya ngozi aliyoichonga yule mzee, na ulipotoka ulitoka na mng'aro aliokuwa ameutia kwa mkono wake. Mama alipokuja alimpapasa tembo wake, akasema, "Mwanangu, nirudishie hivyo hivyo alivyo." Hilo ndilo lililonifanya niandike haya.

Kwa hiyo angalia ubichi uko wapi kabla ya kumlaumu mtu. Ukienea kote, tafuta kosa kwenye vipimo, hadina au baridi. Ukiwa mistari na mifuko, hukukoroga vya kutosha. Ukiwa tu pale raba ilipogusa sanamu, huku kwingine kumekauka, sanamu imeizuia, na kuongeza hadina ni kupoteza fedha.

Nawe usimwage hata kijiko kabla ya kujaribu tone moja mahali pasipoonekana, chini ya kitako kwa mfano, pamoja na tone jingine juu ya kila kitu ulichokitumia kuziba au kujengea boksi. Tone likinata baada ya muda wake, ama tumia udongo usio na salfa, ama paka sanamu vanishi ya akriliki, iache ikauke kabisa, kisha ujaribu upya, kwa maana vanishi husaidia mara nyingi ila si kila mara. Njia ya uhakika zaidi ni kutumia raba ya bati, ambayo salfa haiisumbui. Lakini sanamu, kijiko na ndoo vilivyoguswa na raba ya bati visitumike tena kwa raba ya platinamu.

Glavu ziwe za naitrili au za vinaili. Madirisha yawe wazi, watoto wakae mbali, na hadina isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Weka kikombe cha raba iliyobaki kando ya kalibu, uandike tarehe na vipimo juu yake, na usibandue kalibu ya mteja kabla hujabonyeza kikombe hicho.