Unajifunza uchongaji? Simba mwache kwanza

Ukimuuliza mwanafunzi wa uchongaji lengo lako mwaka huu nini, utasikia "nataka niwe mchongaji mkubwa". Sawa, ila hilo huwezi kuamka kesho asubuhi ukashika patasi ukalifanya. Lengo lazima mkono ulielewe. Mi nlikaa karibu mwaka mzima nachonga simba wabovu kisa simba ndo mtalii ananunua, afu siku moja fundi wangu akamgeuza simba wangu miguu juu akaniuliza, mguu wa nyuma wa mnyama unakunjia wapi? Nikabaki namtolea macho tu. Hata paka wa nyumbani nlikuwa sijawahi kumwangalia vizuri.

Kwa hiyo fanya hivi, chagua kitu kimoja kwa mwezi, kidogo mpaka uone aibu. Vidole. Au masikio, au jinsi shingo inavyoingia mabegani. Andika ukutani kwa mkaa pale unapofanyia kazi, "mwezi huu vidole", afu anza na udongo wa mfinyanzi maana ukikosea unafinyanga upya bure kabisa, fanya hata mikono ishirini ndo uhamie kwenye mti. Na mti wenyewe usikimbilie mpingo jamani, mpingo ni mgumu na mzito mpaka unazama kwenye maji, unakula makali ya patasi na ni ghali, gogo lenyewe limechukua miaka mingi sana kufika hapo halafu we unakuja kulijifunzia! Tafuta mwarobaini au jakaranda. Ukimaliza kazi andika tarehe chini ya kitako na usiitupe hata ikiwa mbaya, baada ya miezi sita zipange dirishani utajua kama unaenda mbele au unazunguka palepale.

Kuhusu hela, najua kodi haisubiri vidole. Twiga wa kuuza wachonge siku zako za kazi, ila tenga walau nusu siku kwa wiki ya kazi ambayo haina mteja. Ukichanganya hizo mbili twiga atashinda tu, mi nishajaribu.

Sasa mawazo ya nini cha kuchonga yanatoka wapi. Watu wanasema eti subiri yaje, bana utasubiri. Tembea na daftari na penseli, kwenye daladala pale una shingo na migongo ya bure kabisa, mama aliyesinzia na mtoto mgongoni, konda anavyoning'inia mlangoni uzito wote uko mguu mmoja. Chora vibaya hivohivo, unachotaka ni kukumbuka uzito umeegemea wapi.

Afu nenda kaangalie kazi za wengine ila nenda na swali. Ukiwa Dar pita Mwenge pale soko la Vinyago, tafuta kinyago cha ujamaa, wale watu wamebebana wamepandana kwenye gogo moja, usipige picha ukaondoka. Zunguka. Jiulize huyu wa chini kabisa ameanzwa wa kwanza au wa mwisho, patasi iliingiaje pale katikati ya viwiliwili viwili, na ukikuta fundi anachonga kaa naye, umsalimie vizuri shikamoo mzee, mletee hata chai, atakuonyesha kitu kwa tezo, kile kishoka cha kuchongea, ambacho video haionyeshi. Kiangalie na cha shetani, macho mahali pa tumbo, mdomo mahali popote, pale utajua Mmakonde hakuwa anashindana na kamera.

Ukipata nauli ya Kampala kuna ule mnara wa uhuru wa 1962, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyekuwa Makerere. Mama amefungwa mwilini na anamwinua mtoto juu. Nchi nzima inapata uhuru na jamaa hakuchonga bendera wala ngao, kachonga mama na mtoto. Hapo ndo utaona wazo kubwa linavyobebwa na kitu ambacho umekiona nyumbani kwenu. Hebu jaribu, chukua habari yoyote kubwa inayokuumiza kichwa ujiulize ingekuwa mkao wa mwili ingekaaje.

Mwisho kuna kuharibika. Mti unapasuka, hasa ukiuanika juani ukiwa mbichi, uweke kivulini na vichwa vya gogo upake nta. Hata hivyo utapasuka tu siku moja. Mi nlikuwa na kinyago cha mzee mwenye fimbo, siku mbili kabla ya kumpeleka kwa mteja mkono wa kushoto ukakatika, nlitaka kuugandisha kwa gundi na vumbi la msasa kama tunavyofanyaga. Fundi akasema acha, mtazame kwanza wiki moja. Nlimtazama, nikalainisha pale palipokatika, nikainamisha bega kidogo. Kila anayeingia anauliza huyu mzee mkono umepotelea wapi. Mteja wa kwanza alimkataa, nikapandisha bei.