Kushika darasa la mwenzako: sema kidogo, hakikisha sana

Mwalimu wa darasa la pili ameomba ruhusa siku tatu, na mwalimu mkuu kakukabidhi watoto wake. Iwe shule ya Makorora au ya Pongwe, huku Tanga, anza ofisini. Chukua ratiba, rejista na shajara ya somo. Shajara ndiyo itakayokuonyesha mada ilipoishia; ukiwauliza watoto, watakujibu "hiyo tumeshasoma" hata kama hawajaigusa.

Darasani, itikia shikamoo yao, andika jina lako ubaoni, kisha waambie: "Mwalimu wenu atarudi Alhamisi. Mpaka hapo mko nami." Wasipoambiwa, watauliza kutwa nzima. Sababu ya ruhusa usiitaje, hiyo ni siri ya mwenzako.

Muulize kiranja mwalimu wao huwanyamazisha vipi. Kama ni makofi matatu, piga makofi hayohayo. Ukipaza sauti, nao watapaza zao. Ila kiranja usimpe kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Ugomvi wake utalipizwa wakati wa mapumziko.

Kazi kubwa iko kwenye maagizo. "Toeni daftari, andikeni tarehe, pigeni mstari, fanyeni swali la kwanza mpaka la tano": hayo ni manne kwa pumzi moja, na wengi watashika la mwisho tu. Sema "Toeni daftari la hisabati," unyamaze, upitishe macho mpaka dawati la nyuma. Wakishatoa ndipo useme la pili. Wala usiagize huku umewapa mgongo ukiandika ubaoni.

Halafu usiulize "Mmeelewa?" Utaitikiwa "Ndiyooo!" na darasa zima, pamoja na asiyejua mko ukurasa gani. Uliza swali kwanza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, ndipo utaje jina. Ukitaja jina mwanzo, wengine wote wanaacha kufikiri. Njia bora zaidi: kila mtoto aandike jibu na kuinua daftari, nawe upite kati ya madawati usome.

Kazi ya nyumbani maswali matatu yanatosha. Watoto wengi wa Tanga jioni wako chuoni, yaani madrasa.

Kabla ya kutoka, mwachie mwenzako karatasi: watoro kwa majina, mlipofika, na waliokwama walikwama wapi hasa. "Hisabati hawakuelewa" haimsaidii. Andika hivi: "42 − 17, watoto kumi na wawili wamepata 35. Kwenye mamoja wanatoa 2 kwenye 7, hawafungui kumi moja iwe mamoja kumi. Majina nyuma ya karatasi."