Hakimu alikupa siku 14, zikapita. Sasa?

Mimi ni karani wa wakili, na kazi yangu ni nyaraka za mahakama za Milimani, Nairobi. Somo la leo ni la mnaojiwakilisha kwenye kesi za madai, maana huwa mnaniuliza "hakimu alisema nini?" wakati muda umeshaisha.

Hatua ya 1. Tafuta agizo lenyewe. Usitegemee ulichosikia kwenye Teams, ile programu ya kusikiliza kesi kwa video, huku mtandao ukikatakata. Ingia kwenye mfumo wa mahakama, usome, kisha uandike tarehe mbili: siku ya mwisho ya kuwasilisha nyaraka na siku ya kesi kutajwa, yaani kuitwa mbele ya hakimu ipangiwe hatua inayofuata. Wengi huandika hiyo ya pili peke yake, na hapo ndipo huponzwa.

Hatua ya 2. Pima ulichokosa. Maelezo ya shahidi yakichelewa siku tatu, huenda ukaishia kulipa gharama za siku hiyo za mwenzako, yaani upande wa pili. Ukiendelea kunyamaza, mahakama yaweza kuikataa nyaraka, kuufuta utetezi wako, au kuitupilia mbali kesi. Mdaiwa asiyeleta utetezi huweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, halafu anashtukia dalali wa mahakama mlangoni akiorodhesha sofa.

Hatua ya 3. Omba muda kabla mwenzako hajalalamika. Hii ndiyo hatua ninayoipigia kelele kila siku. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinairuhusu mahakama kuongeza muda hata kama umeshapita. Mpigie wakili wa upande wa pili. Akikubali, andikeni makubaliano muwasilishe. Akikataa, peleka ombi pamoja na hati ya kiapo, na nyaraka iliyochelewa uiambatishe hapohapo. Ombi lisilo na nyaraka humfanya hakimu ajiulize kama umeshaiandika kweli.

Kwenye kiapo, taja siku. "Nilikuwa mgonjwa" haitoshi. Weka barua ya hospitali.

Maswali yenu

*Karani, shikamoo. Data iliisha siku ya kusikilizwa, kesi yangu ikatupwa. Nifungue nyingine?*

Marahaba, dada. Mdaiwa alikuwepo? Kama alikuwepo na wewe hukuwepo, Amri ya 12 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010 hairuhusu ufungue kesi mpya kwa dai hilohilo. Omba hii irudishwe, na upesi. Onyesha ulivyohangaika siku ile: ujumbe uliotuma, saa uliyopiga simu masjala.

*Wakili wangu ndiye aliyelala. Mimi nina kosa gani?*

Wakati mwingine mahakama humsamehe mteja kwa kosa la wakili. Lakini hakimu atauliza: wewe ulifuatilia lini? Kesi ni yako, kaka, si ya wakili. Kama una jumbe ulizomtumia ukiulizia tarehe, ziambatishe kwenye kiapo. Kama hukumtafuta miezi minane, utakuwa na kazi.

*Yangu imelala tangu mwaka juzi, hakuna aliyeigusa. Iko salama?*

Hapana, mzee. Mwaka mmoja ukipita bila hatua yoyote, Amri ya 17 ya kanuni hizohizo inairuhusu mahakama ikuite ujieleze kwa nini isiifute. Hiyo notisi ikifika kwenye barua pepe usiyoifungua, ni shauri lako. Kesho asubuhi omba tarehe ya kutajwa, na uhakikishe anwani uliyoandika kwenye mfumo bado unaitumia.