Kubadilisha kapasita ya X iliyopasuka kwenye kompyuta ya kubeba ya zamani

Kompyuta za kubeba za zama za Compaq Portable (1983) hazina adapta ya nje: pawa saplai imo ndani na inapokea umeme wa ukutani moja kwa moja. Kinachopasuka mara nyingi ni kapasita ya X, inayokaa kati ya waya wa moto (wenye umeme) na wa nyutro pale umeme unapoingilia. Ni kijiboksi cha plastiki ya rangi ya asali, mara nyingi kimeandikwa RIFA, na ndani yake ni karatasi. Plastiki ikizeeka inapata nyufa, unyevu unaingia, na siku ukiiwasha inatoa mlio na moshi mzito unaonuka. Ukavu wa Dodoma usikudanganye. Ufa hauzibiki, na mvua za Desemba hadi Aprili zinatosha kuimaliza. Ukiona nyufa, ing'oe hata kama haijapasuka.

Mashine inaweza kuendelea kuwaka baada ya mlipuko, maana kazi ya kapasita hii ni kuchuja kelele za umeme tu. Usiitumie hivyo.

Chomoa waya, fungua, kisha pima kapasita kubwa za pawa saplai. Kwa umeme wetu wa 230 V zinaweza kubaki na volti 325 hivi kwa jumla. Zimalize chaji kwa rizista ya 10 kΩ, wati 5, kwa nusu dakika, upime tena. Bisibisi si kifaa cha kazi hii. Na kofia ya mpira ubavuni mwa tyubu ya kioo usiiguse kabisa.

Tia risasi mpya ya kulehemu kidogo kwenye miguu ya kapasita ya zamani ili ile kavu iyeyuke, ndipo uitoe. Sugua masizi kwa mswaki na alikoholi ya isopropili. Ubao ukiwa umeungua, kwangua weusi wote, kwa sababu mkaa unapitisha umeme.

Ya kuweka ni ya filamu ya plastiki ndani badala ya karatasi, yenye uwezo uleule (mara nyingi 0.1 µF), iliyoandikwa X2 na 275 V~ au zaidi. Kabla ya kuagiza Kariakoo, pitia kwa fundi televisheni, Majengo au kokote mjini. Bodi mbovu za televisheni zinazo. Iliyoandikwa 400 V ya DC bila alama ya X2 haifai, hata kama namba ni kubwa. Miguu isipolingana na matundu, ikunje taratibu.

Kapasita ndogo zinazokwenda kwenye ethi (waya wa ardhini) zinataka alama ya Y2. Hapo usibahatishe: ikishoti, ganda zima la chuma la mashine linakuwa na umeme. Hata zikiwa nzima, nyumba isiyo na ethi itakufanya usisimke vidole ukigusa chuma, kwa hiyo pima soketi kwanza.

Fyuzi ikiwa imekatika, weka ya ampea zilezile, si unyuzi wa waya. Hakikisha swichi ya volti, kama ipo, iko 230. Mashine nyingi zilitoka Marekani zikiwa 115.

Bodi kuu ikiwa imechomolewa, weka rizista ya 5 Ω, wati 10, kwenye laini ya 5 V, kwani pawa saplai hizi hazipendi kuwashwa bila mzigo. Washa kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo. Ikiwaka kidogo na kufifia, vizuri. Ikibaki na mwanga mkali, kuna shoti; anza na daiodi za kubadili umeme. Kisha iondoe balbu, washa tena, upime laini ya 5 V. Rizista itapata moto, usiishike. Mita isome kati ya 4.75 na 5.25 kabla hujaunganisha bodi kuu.