Kabla ya kumwajiri mtu karakanani, mpe kitu apime

Mtu anaweza kukwambia amekaa karakanani miaka 10, ukimpa futikamba akakusomea milimita 42 penye 38, kwa kuwa aliiona 40 akahesabu kuelekea upande usio wake. Barua ya maombi haitakuonyesha hilo. Jaribio fupi la vipimo litalionyesha, ila liandae kabla mwombaji hajafika.

Anza na vipande vyenyewe. Okota vitatu au vinne kwenye mabaki ya kazi: bomba, ubao uliokatwa, bati lenye tundu. Vipime, kisha mwenzako avipime bila kuona majibu yako. Mkitofautiana, malizaneni kwanza. Huwezi kumsahihisha mtu kwa jibu ambalo wewe mwenyewe una shaka nalo. Vipe namba, na waombaji wote wapime vilevile.

Kagua na vifaa. Ndoano ya futikamba inayocheza kidogo si mbovu: husogea kiasi cha unene wake, ili kipimo kiwe kilekile ukiivutia ukingoni au ukiisukumia ukutani. Mbovu ni iliyopinda. Rula iliyolika mwanzo usiitupe, iweke mezani makusudi. Anayejua kazi ataanzia kwenye sentimita 10, kisha atazitoa mwishoni.

Mtego mkubwa uko kwenye maikromita, kifaa cha skrubu kinachobana kipande ili kupima unene wake. (Kama kazi yako haiitumii, iache. Hakuna maana kumpima seremala kwa kifaa ambacho hatakigusa.) Kwenye maikromita ya kawaida ya milimita, mzunguko mmoja husogeza skrubu nusu milimita, na sehemu inayozungushwa ina mistari 50, kila mmoja milimita 0.01. Asiyeuona ule mstari mdogo wa nusu atasoma 7.28 penye 7.78. Basi kipande kimoja kiwe na kipimo kilichovuka nusu. Mtazame na mikono: anafuta nyuso za kifaa? Anakifunga kwanza kuona kama kinasoma sifuri? Anamalizia kwa kile kichwa kinacholia tik-tik, au anakaza kama anafunga nati?

Kama mnatumia inchi, muulize kipi kikubwa, 5/8 au 9/16. Swali hilo moja hunitosha.

Amua mapema kosa lipi utalivumilia. Mimi naona kusoma vibaya kifaa kigeni hufundishika ndani ya siku chache, lakini kubahatisha kwa kujiamini ni tabia, na itakuharibia malighafi. Anayesema "hiki sijawahi kukitumia" nampa alama. Anayesema "38" bila kusema milimita au sentimita simpi, mradi nilimwambia tangu mwanzo kwamba kipimo kinatajwa pamoja na kizio chake.

Dakika 15 zinatosha. Usimsimamie begani, hata fundi mzuri hutetemeka akiangaliwa vidole. Kaa pembeni, mahali unapoona mikono yake bila yeye kukuona unaandika.