Jinsi ya Kuhesabu Uhalifu wa Mtaa Wenu na Kuitumia Hesabu Hiyo Kujilinda

Mimi ni katibu wa Nyumba Kumi, yaani kikundi cha majirani wanaolinda usalama pamoja, katika mtaa mmoja ulio pembezoni mwa jiji la Nakuru, upande wa kuelekea Bahati, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiandika kila tukio la wizi, la kuvunjiwa nyumba na la kupigwa ngeta (kukabwa shingo na kuporwa) linalonifikia. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuanzisha kitabu cha namna hiyo, jinsi ya kukisoma na jinsi ya kukigeuza kuwa ulinzi. Nimewaandikia hasa wakazi wa mitaa kama yetu, ambako ploti za kukodisha hujengwa upesi kuliko barabara, lakini naamini utamfaa pia mkazi wa Nyalenda kule Kisumu, au wa viunga vya Kakamega na Bungoma.

Kwanza ni vyema kuelewa kwa nini takwimu rasmi hazitoshi. Mwaka 2023 polisi wa Kenya waliandikisha makosa yapatayo 105,000 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 50, yaani makosa mawili hivi kwa kila watu 1,000. Mwaka huohuo polisi wa Uingereza na Wales, penye watu wapatao milioni 60, waliandikisha makosa zaidi ya milioni 6, yaani zaidi ya 100 kwa kila watu 1,000. Msomaji wa juu juu angedhani kwamba mji mdogo wa Kiingereza ni hatari mara hamsini kuliko Nakuru, na angekosea sana. Kule mtu aliyeibiwa baiskeli huripoti kwa sababu kampuni ya bima itamdai nambari ya polisi kabla ya kumlipa, na polisi nao wanafungwa na kanuni za kitaifa za kuandikisha kila kosa. Huku aliyeporwa simu kwenye steji hupiga hesabu ya nauli ya kwenda kituoni, ya foleni na ya kazi atakayoikosa, kisha huenda zake nyumbani. Uhalifu wake unabaki kwenye maongezi ya jioni, na maongezi hayahesabiwi.

Tena takwimu zetu hutolewa kwa kaunti. Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu 2,162,202 katika sensa ya 2019, na inaanzia Naivasha hadi Molo; wastani wa eneo kubwa kiasi hicho hauwezi kumwambia mama wa Kaptembwo ni kichochoro kipi akiepuke. Uingereza polisi wana tovuti ambayo tangu mwaka 2011 humwonyesha mkazi makosa yaliyotokea karibu na barabara yake, mwezi kwa mwezi. Sisi ramani hiyo hatujaandaliwa, kwa hiyo tuichore wenyewe.

Kuanzisha kitabu

Nunua kauntabuku yenye jalada gumu. Chora safu sita: tarehe, saa, mahali, kilichochukuliwa au kilichotendwa, njia aliyoingilia au aliyokimbilia mhalifu, na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) kama tukio limeripotiwa polisi. Jina la aliyeathirika liandikwe tu kwa ridhaa yake. Nambari ya mlango inatosha. Jina la mshukiwa lisiandikwe kabisa. Najua agizo hili huwaudhi wengi, maana kila mtaa una kijana ambaye kila kitu kikipotea hutajwa yeye, lakini Katiba katika Kifungu cha 50 inamhesabu mtu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na kitabu kilichojaa majina ya tetesi kitamwangamiza mtu asiye na kosa siku kitakapoangukia mikono yenye hasira. Ukiwa na habari juu ya mtu, mpelekee mkuu wa kituo cha polisi ana kwa ana.

Safu inayohitaji bidii kuliko zote ni ya saa. Watu husema “usiku” na kunyamaza. Usimwachie hapo. Muulize kama matatu ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita, kama adhana ya alfajiri ilikuwa imesikika, kama mlinzi wa ploti jirani alikuwa bado anaota moto. Mahali nako paandikwe kwa usahihi wa hatua, wala si kwa jina la mtaa tu.

Nitaeleza ukurasa mmoja wa kitabu chetu, kwa sababu ndio ulionifundisha kazi hii. Kati ya Julai na Agosti tuliandika matukio manne ya ngeta. Mama anayeuza mandazi kwenye steji, kibarua wawili wa shamba la maua na msichana wa chuo, wote walikabwa kati ya saa kumi na moja kasoro robo na saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri, na wote katika kijia kilekile chenye urefu wa hatua themanini, baina ya ukuta wa ploti ya mwisho na shamba la mahindi. Wakati huo sisi wa kamati tulikuwa tumebishana kwa miezi mitatu juu ya kuajiri mlinzi wa usiku wa kukaa kwenye lango kuu. Nilipousoma ukurasa ule kwa sauti, mkutano ulinyamaza. Mlinzi wa lango angekuwa amekaa upande wa pili wa mtaa, akilinda mahali ambapo hakuna aliyewahi kuguswa.

Basi pesa za mlinzi hatukuzichanga. Tulimwendea mzee mwenye shamba, tukamkalisha na kumsomea zile saa na tarehe, tukamwomba msimu unaofuata apande maharagwe badala ya mahindi katika mistari mitano iliyo kando ya kijia, ili mtu asipate pa kujificha. Alikubali bila kudai fidia, akasema tu kwamba angaliambiwa mapema. Mwenye ploti ya mwisho alifunga balbu kwenye kona ya ukuta, na wapangaji wake wanachangia tokeni za stima. Wanaotoka alfajiri walikubaliana kukutana kwenye duka la kona na kuondoka pamoja. Msimu wa pili kijia kile hakikuandikwa kitabuni hata mara moja.

Kuusoma ukurasa

Kila baada ya miezi mitatu, jumlisha. Idadi tupu hupotosha, kwa hiyo tafuta kiwango: gawanya matukio kwa idadi ya wakazi, kisha zidisha kwa 1,000. Tuseme mtaa wenu una watu 400 na umevunjiwa nyumba mara 6. Kiwango chenu ni 15 kwa kila watu 1,000. Mtaa jirani wenye watu 2,000 ukiwa umevunjiwa mara 14, kiwango chao ni 7 tu, ijapokuwa kwa masikio wao ndio wanaoonekana kuwa na balaa kubwa. Sehemu za biashara zihesabiwe peke yake. Soko la Kibuye kule Kisumu au steji kuu ya mabasi hupitiwa na maelfu ambao hawalali pale, na ukiwagawanyia wakazi wachache wa pembeni makosa yote ya umati ule, utapata kiwango cha kutisha kisicho na maana. Miji midogo ya Uingereza hupatwa na kosa lilelile: katikati ya mji, penye maduka na baa, huonekana pabaya mno kwa sababu wanaolala pale ni wachache.

Mtaa mdogo ukumbuke pia kwamba mwizi mmoja aliyezunguka ploti tatu usiku mmoja anaweza kuuongeza maradufu uhalifu wa robo mwaka. Kabla ya kuitisha mkutano wa dharura, linganisha na kipindi kama hicho cha mwaka uliopita.

Jambo ninalowasihi mlitafute kuliko yote ni mlango unaorudiwa. Katikati ya miaka ya 1980, mtaa wa nyumba za kukodisha za halmashauri ya mji uitwao Kirkholt, mjini Rochdale kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa ukivunjwa mno. Waliochunguza waligundua kwamba nyumba iliyokwisha kuvunjwa ilikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena, na kwamba wezi walikuwa wakifuata mita za gesi na umeme zilizolipiwa kwa sarafu, maana kila moja ilikuwa kama kibubu cha pesa ndani ya nyumba. Mita zile ziliondolewa, nyumba zilizoathirika zikaimarishwa kufuli, na majirani wa nyumba sita hivi zilizoizunguka kila nyumba iliyovunjwa wakaombwa kuiangalia na kutoa habari. Katika miaka mitatu uvunjaji ulipungua kwa takriban robo tatu.

Nilipoyajua hayo niliona kwamba kazi ya Nyumba Kumi imekwisha kuonyeshwa njia. Mfumo wetu ulihimizwa na serikali mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, kwa kufuata mfano wa Tanzania, na kumi si idadi ya lazima; ni majirani wanaofahamiana. Basi mlango ukivunjwa, majirani wa kulia, kushoto, mbele na nyuma waangalie nyumba ile kwa wiki sita zinazofuata, na mwenye ploti atengeneze komeo wiki hiyohiyo, asingoje kodi ya mwezi ujao. Kisha jiulizeni mita ya sarafu ya mtaa wenu ni ipi. Kwetu ilikuwa mtungi wa gesi unaowekwa nje ya mlango wa jikoni. Tulipoanza kuifunga mitungi kwa mnyororo, au kuiingiza ndani baada ya kuzima na kukaza vali vizuri, matukio ya wizi wa mitungi kitabuni yalipungua yenyewe.

Kuripoti

Kitabu cha mtaa hakichukui nafasi ya OB ya polisi. Tukio la hatari linaloendelea lipigiwe simu 999 au 112. Tukio lililokwisha liripotiwe kituoni, na mlalamishi asiondoke bila nambari ya OB iliyoandikwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa nirudi kesho kwa sababu “simu ni kitu kidogo”. Nilirudi na jirani mmoja, tukaomba kwa adabu tuandikiwe, tukaandikiwa. Kwenda wawili husaidia kuliko kwenda kwa ukali. Aliyeumizwa aombe fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuthibitisha majeraha. Kila mkazi aandike nambari ya IMEI ya simu yake, yaani nambari ya utambulisho ya simu yenyewe, inayopatikana kwa kubonyeza *#06#, aiweke mahali pengine mbali na simu. Bila nambari hiyo, hata simu ikipatikana ni vigumu kuthibitisha kuwa ni yako.

Aliyetendewa ukatili wa kingono aende hospitali kwanza, haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazifanyi kazi baada ya muda huo; asioge wala kufua nguo. Nambari 1195 ni ya ukatili wa kijinsia na 116 ni ya watoto. Matukio haya hayaandikwi katika kitabu cha mtaa. Katibu anayeyajua ayafunge kifuani.

Mwishoni mwa robo mwaka, nakili jumla katika ukurasa mmoja usio na majina, mpelekee chifu, na mpelekee mkuu wa kituo cha polisi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inatambua kamati za polisi jamii, kwa hiyo hamwombi hisani. Msimwambie “usalama umezorota”. Mwambieni kwamba matukio saba kati ya kumi yametokea Ijumaa na Jumamosi, kati ya saa mbili na saa nne usiku, kutoka darajani hadi kanisani. Afisa mwenye gari moja na eneo kubwa anaweza kuipanga doria yake kwa sentensi hiyo. Taa za barabarani ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba, hivyo habari za mulika mwizi (taa ya mlingoti mrefu) iliyozimika mpelekeeni mwakilishi wa wadi, mkiambatisha tarehe ilipozimika na matukio yaliyofuata.

Mipaka ya kazi hii

Sheria huruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa, na humtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Haimruhusu kumpiga, wala kumvisha tairi. Nimeona kijana akiokolewa na mama wawili waliomweka katikati yao mpaka polisi walipofika, na baadaye ikabainika kwamba simu iliyotafutwa ilikuwa imesahauliwa dukani. Firimbi ikipulizwa, kazi ya wanaotoka nje ni kuwasha taa, kuzunguka kwa mbali na kupiga simu. Picha ya mshukiwa isisambazwe katika kikundi cha WhatsApp, ipewe polisi.

Jihadharini pia na vijana wanaojitolea kulinda kwa ada. Sungusungu wa Kisii walianza kama walinzi wa vijiji, na mwaka 2010 walikuwa katika orodha ya makundi yaliyopigwa marufuku. Mkiamua kuajiri mlinzi, awe mtu anayejulikana kwa chifu na kituo, alipwe kwa risiti, na ajue kwamba anaripoti kwa kamati.

Kitabu kikae kwa katibu, na mwenyekiti awe na picha za kurasa zake kwenye simu yake. Katibu anapohama, akikabidhi mbele ya watu wawili, ahesabu kurasa, aandike tarehe na kutia sahihi chini ya tukio la mwisho, na katibu mpya aanze mstari unaofuata.